Neno la Bondeni

Kwa kuwa alifika darasa la saba, Senteu alifanywa mdomo wa kijiji. Gari la serikali likiingia kwao, kando ya barabara ya kwenda Loliondo, vumbi halijatua ameshaitwa. Mgeni anasema Kiswahili, yeye anageuza Kimaasai, wazee wanaitikia, shughuli imekwisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ameelewa. Hata mwenyewe hakujiuliza, mpaka mwaka ule wa themanini na moja.

Afisa mipango alikuja na ramani, akaikunjua juu ya boneti. Alisema mpango wa matumizi ya ardhi umekamilika, na bonde la chini lenye chemchemi litakuwa eneo lililotengwa. Senteu akatafuta neno. Kwa wafugaji, kutenga malisho ni jambo la kila siku: unaacha majani karibu na boma kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa, unapaita olopololi. Basi akasema olopololi. Wazee wakafurahi. Mwenyekiti, Mzee Sironka, akatia dole gumba, ramani ikakunjwa.

Dereva ndiye aliyemharibia siku. Akiongeza maji kwenye rejeta, alimwambia kwa huruma kwamba wanyweshe mapema, maana mwakani hata mbuzi hatakanyaga kule. Senteu alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

Siku tatu alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Mkewe, Nosim, alipomuuliza, alisingizia kwamba kuna ng'ombe asiyekula.

"Ng'ombe wote wanakula," Nosim alisema. "Asiyekula ni wewe."

Siku ya nne alidandia lori la mifugo hadi Karatu. Katika ofisi ya mipango, karani aliyeitwa Hyasinta alimwambia mpango ule hautolewi ovyo. Kesho yake akamwambia mkubwa hayupo. Siku ya tatu, alipomkuta tena kwenye benchi, anakaa, anasimama, anakaa, alileta jalada.

"Soma hapa hapa, kaka. Usitoke nalo."

Senteu alifungua ukurasa wa kwanza, akaruka wa tano, akaenda wa mwisho. Kiingereza kitupu. Alimtazama Hyasinta, naye akakiri kwamba yeye huchapa tu, maana yake haijui. Lakini alimjua Mwalimu Thomasi, mstaafu wa shule ya Ganako, ambaye saa hizo hakosi kwenye mgahawa wa jirani. Akatuma aitwe.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma taratibu kwa Kiswahili. Bondeni hakutakuwa na kuchunga, wala kunywesha, wala kupita, kuanzia Januari. Mwenye pingamizi alete ndani ya siku thelathini tangu siku ya mkutano. Akafika mahali akasita.

"Hapa wameandika wananchi walielezwa kwa lugha yao, wakaridhia."

"Aliyewaeleza ni mimi," Senteu alisema.

Njia nzima ya kurudi aliwaza kuwaambia wazee kwamba serikali iliwadanganya. Ingekuwa rahisi, na wangemwamini. Lakini aliposimama mbele yao alisema neno lilikosewa, na aliyelikosea ni yeye. Wapo waliompa kisogo pale pale. Mzee Sironka akauliza zimebaki siku ngapi.

Zilibaki ishirini na moja. Mwalimu Thomasi aliitwa kutoka Karatu, akaandika barua ya pingamizi, wazee wakatia dole gumba. Siku ya ishirini na nane afisa alirudi amekunja uso. Safari hii mpango ulisomwa ukurasa kwa ukurasa: Mwalimu akiutoa katika Kiingereza, Senteu akiuingiza katika Kimaasai. Kila neno lililomtatiza alilisimamisha, akauliza linamaanisha nini kwa ng'ombe, kwa maji, kwa mtu anayepita. Afisa alisonya mara nyingi. Ilipofika jioni walikubaliana njia ya mifugo hadi chemchemini, siku tatu kwa wiki. Bonde lililobaki lilifungwa, na waliokuwa wakichunga kule hawakumsamehe Senteu.

Aliendelea kuitwa kila gari lilipokuja. Hakufungua tena mdomo kabla ya kuonyeshwa karatasi yenyewe. Afisa mmoja, alipochoshwa na maswali yake, aliomba apewe mkalimani mwingine. Kijiji hakikuwa na mwingine.