Mama Mkwe na Injini ya Baba Doto

Kosa lilikuwa langu, tena la kiburi. Miaka ya hamsini, nikiwa karani pale Tinde, nilimwahidi Baba Doto, mganga wa zahanati, kwamba nitaifungua injini ya pikipiki yake nyumbani kwangu, niisafishe na kuifunga kabla hajaenda kuchoma sindano vijijini.

Asubuhi ya safari nilifunga pistoni, silinda na kichwa chake. Kiki ikashuka laini kama ninapiga teke hewa. Nikabadili plagi, nikapuliza kabureta. Kimya.

Mama mkwe alikuwa mgeni wetu. Kwetu Wasukuma mkwe haangaliwi usoni, kwa hiyo kila alipokuja uani akikohoa, nilizunguka nyumba kumpisha. Naye akanifuata. Nikashangaa, mama huyu ana nini leo?

"Karani, wagonjwa wananisubiri," akasema Baba Doto. "Au injini nayo mpaka uiandikie barua?"

Majirani wakacheka.

"Petroli yako mbovu," nikajibu, mwenyewe siamini.

Ndipo mama mkwe akatokea, uso ameugeuzia ukutani. "Mkwe, nakutafuta tangu alfajiri, unanikimbia! Vyuma vyako nilivitoa kwenye karai la mafuta ya taa ulimoviloweka, watoto wasivichezee."

Akanyoosha mkono kinyumenyume. Ringi zote tatu za pistoni, ambazo bila hizo injini haishiki pumzi, alikuwa amezivaa kama bangili.

Baba Doto akazitazama, kisha akanitazama mimi, msomi wa sekondari niliyefunga pistoni tupu.