Pigo la Saba la Vugo la Mamangu

Shoga yangu, wewe nakwambia kwa sababu najua hutanicheka. Wenzangu wa darasa la jioni walinicheka, na haki yao.

Mamangu alikuwa mpiga vugo, lile pembe la nyati tunalogonga kwa kijiti harusini. Alikuwa na pigo lake, alilotoka nalo kwao Mbwajumali, na hapa Langoni hakuna mwengine aliyelijua. Kisha akapooza. Ulimi ukafungika, mkono wa kulia ukafa. Ukabaki wa kushoto, na kila alasiri akawa anagonga ubao wa kitanda kwa vidole, pigo lile lile. Mimi nilikuwa mtu wa jikoni, sikujifunza. Nikajaribu kumrekodi kwa simu, lakini vidole vilikuwa dhaifu, vingine vikigusa ubao bila sauti.

Darasani tulikuwa tunafunzwa kuiandikia kompyuta muziki. Unafungua mabano, unaandika "piga", kisha namba. Kila namba ni muda wa kungoja mpaka pigo lijalo. Nikasema, basi nitaketi nivitazame vidole vya mamangu, niandike kabla havijachoka.

Nikaandika. Mashine ikatoa mstari mwekundu wa kosa. Nikahesabu mabano, yaliyofunguliwa na yaliyofungwa, sawasawa. Jioni tatu, mstari mwekundu tu. Mwisho mwalimu wetu, msichana rika la binti yangu, akainama.

"Bi, hii bismillahi umeitia ndani?"

"Nianze kazi bila bismillahi?"

"Ndani ya mabano neno la kwanza ndilo amri. Yako ni 'piga', nawe umeisukuma nyuma. Mashine yatafuta amri inayoitwa bismillahi, haiioni."

"Ipelekeni chuo cha Kurani kwanza ikasome!" akasema mmoja nyuma, darasa zima likacheka. Hata mimi.

Mwalimu akaipandisha bismillahi juu, nje ya mabano, akaiwekea alama mbele. "Ukiweka alama hii, mstari huu mashine haiusomi."

"Haiusomi kabisa?"

"Kabisa. Huo ni wako na Mola wako."

Mashine ikapiga. Nikampelekea mamangu kwenye simu. Vidole vikafuatana nayo, moja, mbili, mpaka sita. Kwenye la saba vikasimama. Akatikisa kichwa.

Nikaipunguza namba ya kulingoja la saba. Kesho yake akatikisa kichwa. Nikaiongeza. Nikaweka pigo jengine katikati, nikaliondoa. Kila alasiri ni pale pale. Siku moja akageuza uso ukutani, nikazima simu. Nilipotia mkono wangu chini ya wake ili nisikie mwenyewe, ulikuwa umelala tu, mzito. Haujagonga tena.

Yuhai, alhamdulillahi. Namlisha, ananitazama. Naswali, naomba, sijaacha. Darasani mashine haina mstari mwekundu wa kunionyesha. Kwa mashine kazi yangu haina kosa. Anayelijua kosa hawezi kusema.

Waliopiga vugo naye wengi tumeshawazika, sijidanganyi. Lakini ukipita Mbwajumali, au Faza, ukamkuta mama aliyewahi kusimama karibu yake na kijiti mkononi, msimulie haya. Akiwa hajui, mwambie naye amsimulie mwenzake. Sita ninayo. Natafuta la saba.