Tulivyopima MRI ya ubongo wa mpwa wangu kwa tepu ya fundi cherehani

Habari za jukwaa wakuu. Hii sijatunga. Nilikuwepo, na tepu niliishika mimi.

Sisi ni watu wa Ivuna. Dada yangu kaolewa Ruanda, kijiji cha huku huku, si ile nchi, kwa wakulima wa kahawa. Mwanaye Tumaini, miaka sita, alianza kudondoka ovyo. Kikombe kinamponyoka, miguu inakakamaa.

Wakwe wakasema ukoo wetu ndio umeleta. Dada afungashe, arudi kwao na mtoto wake.

Iliniuma sana. Nikafunga kibanda changu cha simu Tunduma, nikampeleka mtoto Mbeya, akapigwa MRI.

Daktari akanionyesha weupe usiotakiwa ndani ya ubongo, kushoto na kulia. Akahisi ni ugonjwa wa kurithi, ila vipimo vya damu ndivyo vitathibitisha.

Kosa langu: ile picha nikaipeleka kwenye kikao cha koo mbili.

Baba mkwe wa dada, mtu wa kuchambua kahawa maisha yake yote, akaiinua dirishani.

"Kulia ni kwa baba, kushoto kwa mama. Weupe umezidi kushoto. Leteni mbuzi wa faini."

Mjomba wetu akaigeuza nyuma mbele. "Haya, sasa umezidi kwenu. Leteni nyie."

Wakuu, picha iligeuzwa mpaka mshenga akaagiza tepu. Nikapima. Pande zote sawa. Wazee wakarudia kupima, mkono wangu hawakuuamini.

Nikampigia daktari, nikaweka loudspeaker. Nikamweleza tulichopima. Akasema huo usawa ndio uliomfanya ashuku urithi, na kwa aina anayoidhania, baba na mama wote wameubeba bila kujijua. Hakuna mkosaji.

Mshenga akahitimisha: basi wakosaji ni wote. Kila ukoo ukampa mwenzake mbuzi, wakachinjwa hapo hapo. Dada akaambiwa afungue mizigo.

Tukiwa tunakula, Tumaini akaniuliza, "Mjomba, mbona mlikuwa mnaangalia picha yangu na mimi nilikuwa hapa?"

Nikamkatia nyama vipande vidogo, maana kumeza nako kumeanza kumsumbua.

Funzo: mtoto akianza kupoteza alichokuwa anakiweza, hospitali kwanza, kikao baadaye.

Majibu ya damu bado. Kama kuna aliyepitia haya, mbuzi aniachie. Naomba aniambie tu, wa kwenu mlikuwa mnamlishaje?