Sahani Mia Tatu za Adela

Mimi na Adela tunaishi mlango kwa mlango pale Hyattsville, huku Marekani, na nikisema ni mbishi simsengenyi, nimeshamwambia usoni. Siku za kazi anahudumia wazee majumbani. Siku za mechi anasimama kule uwanjani Landover, kati ya mapipa matatu, akiwaelekeza watu wazima pa kutupa kikombe. Huko ndiko alikopata ugonjwa wake wa taka. Tupa ganda la ndizi kwenye pipa lisilo lake uone: ataingiza mkono mpaka kwenye kiwiko alitoe.

Tamasha letu la kila Agosti lilianzishwa na marehemu mumewe, Sebastian. Yeye ndiye aliyeisumbua ofisi ya bustani mpaka tukapewa kiwanja kile cha kando ya kijito, na kwa miaka kumi na mmoja Watanzania, Wakongo, Wakenya na Warundi tumepika pale, tumecheza, hata wachumba tumepatia pale. Mwaka juzi Sebastian alifariki. Mwaka jana tukamaliza sherehe, tukaacha sahani za plastiki zikielea kijitoni. Ofisi ikatuandikia: mkirudia, kiwanja basi. Adela aliililia ile barua kana kwamba msiba umerudi.

"Bena," aliniambia, "kiwanja kikienda, nitakuwa nimemzika Sebastian mara ya pili."

Akaenda kutia saini kwamba mwaka huu hakuna cha kutumia na kutupa. Ofisi ikamwazima sahani ngumu mia tatu. Zirudi Jumatatu kabla ya saa sita mchana, na zisipungue zaidi ya kumi. Zikipungua, tusiombe tena.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Tuliosha sahani kwenye mabeseni matatu, na pipa la taka halikufika hata nusu. Lakini chakula kilibaki kingi, na Adela hakutaka kiishie pipani. Akashika kipaza sauti.

"Jamani, chakula kisitupwe! Fungasheni! Mpelekeeni mgonjwa, mpelekeeni aliye kazini!"

Watu walishangilia, nami nikashangilia, mjinga mimi. Vyombo vya kufungashia tulikuwa tumevipiga marufuku wenyewe. Basi watu walifungasha kwenye sahani, na wenye adabu zaidi wakafunikia na sahani ya pili.

Jumapili tulihesabu mara tatu. Mia mbili na tisa.

Si wezi hao. Afadhali wangekuwa wezi, tungewatukana tukapumua. Kila aliyepigiwa simu alikiri papo hapo kwamba sahani anayo, safi, iko juu ya friji. Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa hivyo: chombo cha mtu kikija kwako na chakula, hukirudishi kitupu. Unasubiri siku utakayopika.

"Auntie, plate zako ziko safe," Gichuki, Mkenya, alisema. "Lakini nikurudishie empty aje? Wacha Sato, wife apike chapo." Sato yake ni Jumamosi, chapo ni chapati.

Jaël wa Landover, Mkongo, alikuwa na sita. "Non, Mama Adela. Sahani ya mutu hairudiake bule. Samedi nitakuletea na sombe." Yaani naye Jumamosi, na kisamvu.

"Lete tupu, Jaël! Nakuomba, lete tupu!"

Kisha Jaël akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, unanikasirikia?"

Jumatatu Adela aliomba ruhusa kazini, tukazunguka na gari lake tangu asubuhi. Wachache walitukabidhi sahani tupu, macho chini, kana kwamba tumewavua nguo. Kwenye nyumba moja kule Falls Church mlango alifungua mtoto wa kike, miaka tisa hivi. Nyuma yake, juu ya friji, tuliziona sahani nne.

"Mom said not till she cooks something," akasema, eti mpaka mama apike.

Adela akapiga magoti pale mlangoni, mbele ya mtoto. Nimejuana naye miaka kumi na minne. Sijawahi kumwona akimpigia mtu magoti. Mtoto aliogopa akafunga mlango. Nilimwinua mwenyewe, na alikuwa mzito.

Saa sita kasorobo tulikuwa ofisini na sahani mia mbili arobaini na nane. Dada wa ofisini alihesabu kwa upole. Adela alijaribu kumweleza, lakini mambo haya kwa Kiingereza hayana kichwa wala miguu.

"Kwa hiyo hawajarudisha kwa sababu wanakuheshimu?" dada aliuliza. Hakuwa akidhihaki. Alituonea huruma, akaandika alichotakiwa kuandika. Alhamisi barua ilifika: Jumamosi yetu ya Agosti mwakani wamepewa watu wengine.

Na Jumamosi, jamani, walikuja. Walikuja wamevaa vizuri. Sombe, chapati, pilau, maharage ya nazi, na maandazi aliyoongeza Jaël kwa kudhani amemuudhi Mama Adela. Meza ilijaa, wakaweka hadi juu ya mashine ya kufulia. Adela aliwapokea wote, akawashukuru wote, na hakumwambia hata mmoja kwamba kiwanja kimekwenda. Walipoondoka tulihesabu. Hamsini na mbili. Haikupotea hata moja.

Hakula kitu. Tuligawa chakula jengo zima, akasimama kwenye sinki akiosha sahani na kulia. "Nimekipoteza, Bena. Nimekipoteza mimi, kwa mdomo wangu." Nilikuwa na hasira na kila mtu na sikuwa na wa kumgombeza.

Jumatatu nilimsaidia kubeba sahani za ofisi hadi kwenye gari. Nikamwona anatoa kitambaa, anapanga maandazi kumi juu ya sahani ya juu kabisa, na kuyafunika.

"Adela, hao wa ofisini mila hizi hawazijui. Na kiwanja wameshatunyang'anya."

Alinitazama, macho yamevimba. "Sasa niwarudishie tupu?"