Mbio za Akwilina

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mpunga ulipokuwa umetoa masuke, nilisimama uwanjani na simu yangu ya kwanza, ile ya vitufe, nikijiona mwalimu wa michezo wa kisasa kuliko wote Ifakara. Unacheka? Cheka tu. Ilikuwa na saa ya kupimia mbio, nami nilishindwa kuiacha mfukoni hata dakika moja.

Nilikuwa nachagua wakimbiaji wa timu ya shule. Akwilina, binti wa kijiji cha Namawala, alikuwa na mbio kuliko wenzake, na nafasi ile aliitaka kufa na kupona. Siku hiyo simu ikaonyesha amechelewa. Nikamwambia arudie. Akachelewa zaidi.

"Uvivu huo! Tena!"

"Sawa, mwalimu," akasema, macho chini.

Mara ya tatu nilikuwa nimeinamia simu nikisubiri kubonyeza, hata sikuona alivyoanguka. Nilisikia wenzake wakipiga kelele.

Mwalimu Hilaria, mtu mzima wa umri wa mama yangu, alikuja mbio kutoka darasani, akamgusa paji la uso. Lilikuwa la moto.

"Umemuuliza ametoka wapi asubuhi hii?"

Nikaitia simu mfukoni.

"Huyu ameamia ndege tangu alfajiri, anakimbia kwenye majaruba ya mpunga kufukuza kwelea. Watoto wa wakulima wote wako hivyo msimu huu. Wewe unaangalia simu tu. Aibu, mwanangu!"

Tulimpakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Malaria. Alipona, namshukuru Mungu, nikaenda kwao kuomba radhi mbele ya mama yake. Lakini uwanjani hakurudi tena. Mpaka leo nikisikia filimbi ya michezo siwezi kutulia. Nainuka, nazunguka ua, naketi, nainuka tena.

Sasa wewe unaanza kazi ile ile ya michezo, na simu yako inahesabu hatua, mapigo ya moyo, sijui na nini. Itumie, sikukatazi. Ila kabla hujaigusa, mtazame kila mtoto usoni, muulize ameamkaje, amekula nini, ametoka kufanya kazi gani. Akikwambia amechoka, mwamini yeye kwanza, hata simu iseme nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie kila mtoto unayempeleka uwanjani arudi kwao mzima, na kesho yake atamani kukimbia tena.