Filamu ya Ulanzi Ambayo Sikuipiga

Mtu akiniita mwongozaji wa filamu hunipandisha hasira bila kujua. Nimeongoza nini? Katika miaka ya sabini nilikuwa mtumishi wa ofisi moja pale Mbeya iliyokuwa na gari la sinema, jenereta, shuka kubwa jeupe na vipaza sauti viwili, na kwenye barua yangu ya ajira waliandika kwa herufi kubwa kabisa: MWONGOZAJI. Kazi yenyewe ilikuwa kutundika shuka kwenye viwanja vya shule, kuonyesha filamu zilizopigwa na watu wengine kuhusu mbolea na vyoo, kisha kuwaeleza wananchi kwa lugha yao kile walichokuwa wameshakiona kwa macho yao. Nilisomeshwa uongozaji mwaka mzima Dar es Salaam kwa fedha za umma. Niliporudi nikapewa shuka.

Mipango nilikuwa nayo. Chumbani kwangu Ilomba, juu ya meza iliyokuwa pia jiko, niliandika miswada minne ya filamu. Wa kwanza ulihusu wazee wa Makongolosi waliokuwa bado wanachekecha mchanga kutafuta dhahabu. Ulirudi na maneno ya wino mwekundu: suala nyeti. Wa pili ulihusu familia zilizokuwa zikihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini mwa nchi, safari ya wiki nyingi, akina mama na watoto wakiwa juu ya mikokoteni. Ulirudi pia: bado hakuna msimamo kuhusu jambo hili. Kana kwamba ng'ombe wangesimama njiani kungoja msimamo. Wa tatu, wa gulio la Mbalizi, haukurudi kabisa. Niliambiwa umepotea, nikauandika upya, nao ukapotea. Hasira ya hiyo mitatu nimeshaimeza. Wa nne umenikwama kooni mpaka leo, kwa sababu ulimgharimu mjomba wangu mianzi yake.

Mjomba, kaka wa mama yangu, aliishi kwenye milima ya upande wa Kilolo, huko Iringa, na alikuwa mgema ulanzi. Kwa asiyejua, ulanzi ni pombe inayotoka kwenye mwanzi wenyewe. Mvua zikianza, machipukizi hutoka ardhini yakiwa manene na laini, na mgema hukata ncha ya chipukizi na kufunga hapo mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu chenye tundu, ili maji yadondokee humo. Asubuhi na jioni anarudi kuchonga tena pale pale, unyuzi mwembamba tu, maji yasije yakakata. Ya asubuhi ni matamu, hata watoto wanakunywa. Yakikaa mpaka jioni yanakuwa na maneno mengine.

Jambo ambalo watu wa mjini hawakulijua ni kwamba chipukizi likishagemwa halikui tena kuwa mwanzi. Kwa hiyo kila msimu mgema anasimama mbele ya kila kichaka na kuamua: hili nigeme, hili niliache likue. Akiwa na tamaa, baada ya miaka michache hana kichaka. Mjomba alikuwa akiyagusa machipukizi kwa kiganja, moja baada ya jingine, kimya, na wakati ule hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Nilikuwa nimemtazama hivyo tangu nikiwa mdogo. Filamu yangu ilikuwa hiyo tu: mikono ya mzee ikichagua, mbeta zikidondokewa, ukungu ukipanda. Dakika kumi na tano. Hakuna mtu angezungumza, na mimi nisingesimama kando ya shuka nikieleza chochote.

Nilipoupeleka mswada kwa mkuu wa ofisi yetu, aliusoma akiwa amesimama.

"Ndugu, hii ni filamu ya pombe."

"Ni filamu ya kazi, mkuu. Huyu mzee anafanya kazi."

"Kazi ya kutengeneza walevi." Lakini hakuukataa. Alisema kamera itakuja kutoka Dar es Salaam mwaka mpya wa fedha ukianza, mwezi wa saba, na mimi nitapewa siku moja ya kupigia vitu vyangu.

Nikamweleza kwamba mwezi wa saba ni kiangazi, ulanzi unatoka wakati wa masika. Akanijibu kwamba wakati wa masika barabara hazipitiki, na filamu za kupigia zinakuwa zimekwisha. Nikamwambia mianzi haisomi bajeti. Akaniambia nisiwe mjuaji. Tulirudia maneno haya haya miaka mitatu mfululizo, mimi na yeye, karibu neno kwa neno, na kila mwaka kamera ilikuja mianzi ikiwa mikavu, ikapiga picha za majosho ya ng'ombe, ikaondoka.

Mwaka wa tatu, mwezi wa nane, nilimbembeleza mpiga picha aje angalau aone mahali. Alikuwa kijana wa pwani, mpole, aliyekuwa anatetemeka kwa baridi ndani ya koti la kuazima. Tulifika asubuhi. Mjomba alikuwa ameshafagia njia yote kutoka barabarani mpaka kwenye mianzi, na shangazi, mkewe, alikuwa amechemsha viazi.

"Kamwene," mjomba akamsalimia mgeni kwa mikono miwili.

Mpiga picha akaingia chini ya mianzi, akatoa kipima mwanga, akakiinua juu, akakishusha, akatikisa kichwa. "Hapa giza tupu, kaka. Kamera haitaona kitu. Labda hii mianzi ipunguzwe upande ule."

Mjomba aliuliza mgeni amesema nini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha salamu na bei, na mambo mengine yote aliyasema kwa Kihehe. Nami, mtaalamu wa kutafsiri, mtu wa shuka na kipaza sauti, nikamtafsiria. Sikupunguza wala kuongeza. Nilisema: mgeni anasema pana giza, mianzi ipunguzwe upande wa mashariki.

"Kiasi gani?"

Mpiga picha akacheka, akapunga mkono kutoka kichaka cha kwanza mpaka kule kwenye korongo, kama mtu anayefukuza nzi. Wala hakuwa akijibu kwa makini. Alikuwa anataka kurudi kwenye gari. Mjomba alifuata ule mkono kwa macho mpaka mwisho wake. Akaitikia kwa kichwa. Tukala viazi, tukaondoka.

Hapo ndipo ninapojilaani. Mimi si mgeni wa mila zetu. Nilijua kwamba mpwa akiomba kitu kwa mjomba wake, mjomba hasemi hapana na wala haulizi mara mbili. Mpwa anaweza kuingia nyumbani kwa mjomba akachukua jogoo bila kuomba, na watu wakacheka. Nilikuwa nimemchukua jogoo huyo mara nyingi. Lakini siku ile nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi, nikajiona natafsiri tu, kumbe kwa masikio ya mjomba mimi ndiye niliyeomba.

Ofisi ilikataa tena kupiga filamu wakati wa masika. Safari hii sababu ilikuwa mafuta. Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, niliomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda basi mpaka Iringa mjini, nikapanda lori, na kutoka pale lori lilipokwama nikatembea na matope magotini, ili nimweleze mjomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba hawaji.

Niliona mbingu mahali ambapo haikuwa ikionekana. Upande wote wa mashariki, kutoka kichaka cha kwanza mpaka korongoni, mianzi ilikuwa imekatwa hadi chini na kupangwa kando, safi, kama kuni za harusi. Vichaka ambavyo babu yake alipanda. Alikuwa ameikata peke yake kabla ya mvua, mzee wa umri ule, kwa panga moja. Vichaka vilivyobaki upande wa magharibi vilikuwa na mbeta chache, na mjomba alisimama katikati ya uwazi ule akiwa amevaa koti lake la kanisani.

"Umekuja na wenzako?"

"Wako nyuma, mjomba," nikasema. Mungu anisamehe. Kisha nikasema barabara imewashinda. Kisha nikasema mwakani.

"Mwakani," akasema. "Basi nitapalilia pasiote tena majani marefu." Akanipa ulanzi wa asubuhi kwenye mbeta. Nilikunywa huku nataka kumwambia kwamba hakuna aliyemwomba akate, kwamba yule kijana wa pwani alikuwa anafukuza nzi. Sikusema. Shangazi aliniangalia kwa jicho kali sana kutoka mlangoni. Yeye nadhani alijua.

Nilirudi Mbeya nikiwaka. Niliketi kwenye taipu ya ofisi, nikaandika barua ya kurasa tatu. Niliandika kwamba mzee huyu, mkulima wa kawaida, ameshakata mianzi yake, riziki yake ya msimu na urithi wake, ili ofisi hii ipate kupiga filamu, na kwamba ofisi hii ni lazima iwe na haya. Nilitumia neno haya mara nne. Nilidhani nitafukuzwa kazi na nilikuwa tayari.

Sikufukuzwa. Mkuu aliniita baada ya wiki mbili, uso umechangamka. Barua yangu ilikuwa mezani, imepigiwa mstari mahali pamoja tu: mzee huyu, mkulima wa kawaida, ameshakata mianzi yake. Hayo mengine yote, kurasa zote zile, haya zangu zote nne, hayakuguswa na kalamu.

"Ndugu, hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta," akasema. "Mzee wa mfano. Amekata pombe kwenye mizizi. Tutampigia filamu."

Nilimwambia sivyo ilivyokuwa. Akasema, "Kwani hakukata?" Nikasema alikata, lakini. Akasema, "Basi."

Kamera ilikuja mwezi wa saba. Filamu za kupigia zilikuwepo, mafuta yalikuwepo, na barabara, ilikuwa kiangazi, ilikuwa nyeupe. Walikuja na Landrova mbili mpaka uwanja wa shule ya kijiji, wakakusanya watu, wakaweka meza yenye kitambaa. Mimi niliamriwa kufunga vipaza sauti na kutafsiri. Ningeweza kukataa. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na ni kweli nilikuwa nao, lakini hata sasa ninapoandika naona maneno hayo hayatoshi.

Mjomba aliletwa akiwa amevaa koti lile lile. Alifurahi kuniona, na alipoiona kamera kwenye miguu yake mitatu alifurahi zaidi. Aliniinamia. "Wamekuja kweli," akasema. "Lakini mbona wamekaa huku? Mianzi iko kule."

"Wataanzia huku, mjomba."

Mkuu alihutubia. Alisema ulevi ni adui. Alisema mbele yetu amesimama mzee aliyeonyesha njia, aliyekata mianzi ya ulanzi kwa mikono yake ili apande mahindi. Nilitafsiri kwa Kihehe, lakini sikutafsiri hayo. Nilisema mgeni anamsifu mzee kwa bidii yake. Watu wa kijiji, ambao walisikia Kiswahili cha mkuu na kisha Kihehe changu, walianza kutazama chini. Akina mama waliacha kutwanga maneno yao ya pembeni. Wote pale walijua kwa nini ile mianzi ilikatwa. Walikuwa wamemsaidia kuipanga.

Mjomba akakabidhiwa jembe jipya na karatasi yenye mhuri. Kamera ikalia. Nikahesabu kimoyomoyo, kama nilivyofundishwa, na ilikuwa sekunde kumi na moja. Hiyo ndiyo filamu ya mjomba wangu iliyopo duniani, kama bado ipo. Mikono yake imeshika jembe la watu, imelishika vibaya, haijui ielekezwe wapi.

Mkuu akaniambia nimpe mzee kipaza sauti aseme neno. Mjomba alikishika kwa mikono miwili kama alivyoshika mkono wa mgeni. Akasema kwa Kihehe, taratibu, akiwa amewageukia wageni, si watu wa kijiji: "Nilikata kwa sababu mpwa wangu aliniomba. Alisema kuna giza. Nimewaachia vichaka vya kutosha upande wa pili, msimu ukifika mje. Sasa jua linaingia, mtaiona kazi vizuri."

Mkuu alinigeukia, kalamu mkononi. "Anasemaje?"

Kamera ilikuwa bado inazunguka. Nilikuwa na kila kitu ulichonisomeshea umma: maneno, kipaza sauti, watu mia kadhaa wa kunishuhudia. Kitu pekee nilichokuwa nadaiwa na mzee yule ni sentensi nne.

"Anasema anashukuru," nikasema.

Wageni wakapiga makofi. Wenyeji hawakupiga. Mjomba naye alikuwa akijua Kiswahili cha salamu, na neno hilo alilijua. Alinitazama kidogo, akanirudishia kipaza sauti, akachukua jembe lake, akaenda kukaa kando ya shangazi.