Kioo cha Restuta Juu ya Bati

Restuta Nambeye, maana kwao binti wa Simbeye huitwa Nambeye, ni binti wa Mika Simbeye, yule aliyehama Unamwanga na jembe moja akapewa mlima wa mawe hapa Hasamba, na haikupita miaka mingi Wanyiha wenyewe wakawa wanamwomba miche ya kahawa. Mika alizaliwa na Watson Simbeye, aliyekwenda kwa miguu hadi migodini ng'ambo na kurudi na cherehani kichwani. Restuta naye, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ndiye mwanamke wa kwanza wa kitongoji chetu kuvuka mpaka hadi Nakonde na kurudi na mitumba yake mwenyewe, bila mume wa kumshika mkono. Mimi ni wifi yake, nimeolewa na kaka yake. Ninayoyaandika niliyaona.

Yeye ndiye aliyetuletea sola. Alitoka nayo Tunduma imeviringishwa ndani ya godoro, na fundi mmoja, Sunday, akaja kuifunga juu ya bati. Wakati ule simu zilikuwa zimeshaingia kijijini, na pa kuchajia palikuwa kwa Boazi tu, mwenye jenereta. Jenereta ile ilinguruma kama lori linalopanda Mlowo, na petroli ikiisha, simu zenu zinakaa zimekufa mpaka Boazi aende mjini. Ya Restuta haikudai petroli wala haikupiga kelele. Watu walihamia kwake mmoja mmoja. Boazi akabaki kibarazani, anafuta mashine yake kwa kitambaa, anasema tusubiri mvua.

Maana kwetu mbingu ikinguruma, kila kinachong'aa hufunikwa. Kioo cha kujitazamia hugeuziwa ukuta, sufuria haziachwi uani. Radi ikijiona mahali, inashuka. Ndivyo tulivyolelewa. Siku sola ilipofungwa, jirani yetu Enesi aliitazama sana kisha akauliza kioo kikubwa namna hiyo nani atakifunika. Tulicheka wote, na Restuta alicheka kuliko sisi.

Mvua zilipokuja, radi ikaua ng'ombe wa Enesi. Alikuwa ng'ombe mmoja tu wa maziwa, amefungwa nyuma ya nyumba ya Restuta kwenye majani mazuri. Hakuna aliyecheka tena.

Enesi akapeleka madai, tukaitwa kwa mjumbe wetu, mzee Barnaba. Boazi alisimama, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, kwamba jenereta yake inawaudhi watu masikio, hilo anakubali, ila haijawahi kumwita mgeni kutoka mbinguni. Vijana wakaguna. Nikamtazama wifi yangu: mjane, mtu mzima, macho mekundu kwa moshi wa miaka yote ile. Habari za kikongwe wa kule bondeni aliyeitwa mchawi akachomewa nyumba naye akiwa ndani zilikuwa bado mbichi.

Mzee Barnaba akaamua: aishushe, au kila mbingu ikinguruma aifunike, na watu waone imefunikwa.

"Nitafunika," Restuta akasema. "Baba yangu hakurudishwa nyuma na mawe."

Basi ikawa hivyo. Wingu likitoka upande wa Ileje, Restuta anatupa jembe, anakimbia nyumbani, anachukua blanketi, anapanda. Mimi nilishika ngazi. Sunday alikuwa amemwambia wazi kwamba kinachoua ni kusimama juu ya bati lenye maji wakati wa radi, lakini Sunday alikuwa Tunduma, na waliokuwa milangoni wakitutazama walikuwa hapa. Blanketi linapepea, bati linateleza, mbingu inapasuka, naye yuko peke yake kule juu, hakuna kilichomzidi urefu. Akishuka, meno yake yanagongana, na mimi siwezi kufungua vidole kutoka kwenye ngazi. Tukiingia ndani hatukutazamana. Msimu mzima tuliishi hivyo. Nilifika mahali nikawa nachukia mvua, mimi mkulima.

Siku moja mwezi wa tatu wingu lilikuja jeusi mpaka kuku wakaingia bandani mchana. Restuta akakimbilia nyuma ya nyumba. Ngazi haikuwapo.

Tulitafuta kibandani, tukatafuta kwenye migomba. Ngurumo ya kwanza ikapiga. Milango ya jirani ikafunguka, watu wakasimama, wanatazama sola iliyo wazi.

"Wameichukua," Restuta akaniambia. "Wanataka ibaki wazi, ng'ombe mwingine afe, wapate sababu."

Tuliingia ndani, tukasukuma meza mlangoni. Mvua ikaanguka kama changarawe. Radi moja ikapiga karibu sana, nyumba ikawa nyeupe ndani, nami nikasikia Restuta akiomba kwa Kinamwanga, lugha ambayo haombi nayo akiwa na nafasi ya kufikiri. Kisha tukasikia miguu uani, halafu mlango ukagongwa.

Restuta akashika mchi.

"Ni mimi, Enesi. Fungueni, nalowa."

Tulipofungua alikuwa ameloa mpaka khanga inamshika miguu.

"Ngazi iko kwangu uvunguni," akasema. "Juzi nilikuona unateleza, Nambeye. Ng'ombe wangu ameshakufa. Ukifa na wewe kule juu, mimi usingizi nitaupata wapi?"

"Enesi, watanichoma."

"Basi watukute wote."

Akaketi katikati yetu. Tukakaa hivyo, sola iko wazi juu ya vichwa vyetu, na kila ngurumo Enesi alinibana mkono hadi ukafa ganzi.

Mvua ilipokatika watu walitoka kuhesabu mifugo. Ilipasuka mikaratusi ng'ambo ya kijito, basi. Boazi akaanza kusema tumepona kwa bahati. Enesi akamkata: aliyefiwa na ng'ombe ni yeye, na madai yake ameyafuta, mwenye ng'ombe mwingine aliyekufa ajitokeze. Hakutokea mtu. Restuta hakupanda tena, ingawa ngurumo ikilia hadi leo hushika kiti.

Hiyo ilikuwa mwaka 2008. Sasa ni 2014, karibu kila bati la Hasamba lina sola, na anayewauzia ni Boazi, jenereta ameshaiuza chuma chakavu. Nguzo za umeme zimefika barabarani, watu wanabishana kama zikipanda huku sola itatupwa. Restuta, ambaye miguu imemkataa, husema nguzo zije tu, tuone nani atazimikiwa kwanza.

Lakini wiki iliyopita tulikuwa kibarazani kwake, sisi watatu, wingu likatoka Ileje. Tumpe, mke mpya wa jirani, akatoka mbio na blanketi, akapanda bati lake. Nyumba ya pili, mwingine akapanda. Walionunua sola wamenunua na kufunika. Wanadhani ndiyo kanuni yake. Restuta akawa mweupe midomo.

"Enesi, nenda," akasema. "Mwite Tumpe ashuke, kisha pita nyumba kwa nyumba."

Enesi akasema anaogopa, watamjibu kwamba yeye ndiye aliyeyaanzisha.

"Ndiyo maana uende wewe. Mimi wataniona naisemea sola yangu. Nenda sasa, mvua haijafika. Na kuanzia leo, kila mbingu ikinguruma, kazi hiyo ni yako."